Miguu Isikatwe, Ata ya Ndege

Watoto yangu, mbele ya yote, miguu. Ukipiga mutu foto na unamukatia miguu, weye haiko mupiga-foto, weye iko muchinjaji.

Hii neno si yangu. Ni ya patron Kasereka, mwenye alinifundisha kazi kule Butembo wakati nilikuwa bado musichana ya kusuka nywele na uzi. Alikuwa na rula ya mbao. Foto ikitoka bila viatu ya mutu, rula inashuka ku vidole vyangu, pa! "Kavira! Miguu imeenda wapi? Imeenda ku choo?" Mimi nilikuwaka nacheka, na rula inarudi mara ya pili juu ya kucheka.

Nyinyi wa telefone mutauliza miguu ni ya nini. Nyinyi munapigaka mapua tu na meno. Lakini foto ya siku zetu ilikuwa inasafiri. Mutoto iko Bunia, mama yake iko Butembo, foto inaenda mu bahasha, na yule mama akiifungua anatafuta viatu kwanza. Viatu ikiwa muzuri, mutoto iko anakula. Viatu isipoonekana, mama halale: juu ya nini wameficha miguu? Siku moja hapa Bunia nilipiga bibi-arusi, nikamukata ku magoti juu nilipenda sana maua yenye alishika. Mama-mukwe akanirudishia foto mbele ya wateja. "Siye tulilipa ngombe ya musichana muzima. Huyu nusu ni ya nani?" Ilibidi kurudilia kazi yote. Na wakati bibi-arusi alivaa robe tena, tumbo ya mimba ilikuwa imesha kuanza kutoka, zipi ikakataa kabisa, tukamusimamisha na mama yake nyuma akishika robe na mikono mbili. Ile foto ingali ku ukuta yao. Miguu iko.

Shikeni basi hii habari ya miguu, juu njo ilinipeleka ku ndege.

Munajua mimi nilizeeka mu studio. Arusi, ubatizo, diplome, kadi. Halafu telefone zikakuja zikakula kazi yetu, studio ikabaki ya foto ya kadi tu, kichwa na mabega, kazi ya aibu kwa mwanafunzi ya Kasereka. Njo wakati ule Mwalimu Ngona aliingia.

Mwalimu Ngona alikuwa amefundisha biolojia miaka mingi kule upande ya Fataki. Vita ilimutosha kule, ikamufukuza na jamaa yake yote. Alifika Bunia na mukoba moja, kandambili za plastiki ku miguu, na jumeli ya kuangalia mbali yenye jicho moja ilipasuka. Alikuwa murefu, mukavu, na anasema pole pole mpaka unataka kumumalizia maneno. Alikuja ajili ya foto ya kadi. Nikamwambia: "Mwalimu, simama pale mbele ya pazia nikupige muzima, nakupa bure." Akaangalia kandambili zake, akasema hapana, kichwa tu inatosha.

Ku ukuta nilikuwa nimetundika kalandrie ya zamani. Niliiachaka pale juu ilifunika tundu. Ilikuwa na kandege ka kijivu, tumbo nyeupe, kamesimama juu ya jiwe, na chini waliandika kwa kifaransa ya kwamba ni kule Ulaya ya kaskazini. Mwalimu akasimama mbele yake, akasahau ata kadi.

"Huyu ninamujua," akasema. "Huyu iko Kasenyi sasa hivi, ku kando ya ziwa, anatikisa mukia."

"Mwalimu, huyu ni ya Wazungu. Si iko imeandikwa?"

"Ni yeye. Baridi ikianza kwabo, anashuka ku ziwa yetu. Baridi ikiisha, anarudia kwabo. Kila mwaka."

Nikacheka mpaka nikashika meza. "Na ku barière anapitaka namna gani? Anaonyesha paseporti? Ni nani anamugongea muhuri?"

Wateja wenye walikuwa wanangojea wakacheka nao. Yeye hakucheka. Akasema: "Mama Kavira, nilikuwa na makaye kumi na moja. Niliandika siku yenye wanafika na siku yenye wanaondoka, toka nilikuwa kijana. Makaye iliungua na nyumba. Sasa kila mutu hapa Bunia ananiita muongo. Ata weye."

Mutu ya akili angeomba musamaha. Lakini mimi wateja walikuwa wananiangalia, na kinywa iliponza kichwa. "Basi tushindane," nikasema. "Ulete ushahidi mbele ya Pasaka, mimi ninakupa rido yangu."

Wateja wakageuka kuangalia ile rido. Nyinyi hamukujua ile rido. Ilikuwa pazia kubwa ya kupamba nyuma ya mutu, fundi ya Butembo aliichora kwa mukono: ngazi ya hoteli, maji ya kuruka, mitende mbili, na avio, ile ndege ya abiria, imesimama na mulango wazi kama inakungojea weye. Nusu ya Bunia ilisafirishwa na ile avio bila kutoka Bunia. Patron Kasereka aliniachia yeye mwenyewe, siku nilimaliza kujifunza na akanifungua.

Mwalimu akafikiri. Halafu akanyoosha mukono. "Na mimi nikishindwa, sitasema tena neno ya ndege mpaka kufa. Ata moja."

Tukapeana mikono mbele ya watu. Niliona ni muchezo. Sikuona ya kwamba mwenzangu ameweka ku meza kitu ya mwisho yenye alibaki nayo.

Ushahidi yenyewe, alinifasiria, ilikuwa hii: kule Ulaya kuko watu wanakamata ndege pole pole, wanawavalisha pete ku muguu, wanawaachilia. Tukipiga foto ya mwenye pete, hakuna mutu atabisha. Nikasema: "Ku muguu? Mwalimu, umefika kwa fundi." Ndiyo, nilikubali kumupigia foto zenye zitanifanya nishindwe. Ningekataa, avenyu nzima ingesema Kavira anaogopa.

Fundi gani! Acheni niwaambie samedi ya kwanza, ile Jumamosi ya kwanza ku ziwa, muchekage.

Tulishuka Kasenyi na kamio ya samaki yenye ilikuwa inarudi tupu. Bunia kuko baridi, nilivaa triko ya sufu. Ile barabara inashuka, inashuka, na joto inapanda, tukafika chini nikiwa ninavuta ulimi. Nilikuwa nimevaa kikwembe, ile kitenge ya njano ya Siku ya Wamama, yenye unaweza kuiona toka Uganda. Nikaona ndege yangu ya kwanza, amesimama mu maji, miguu haionekani. Weye unafikiri nilifanya nini? Nilifanya ile tunafanyaka ku studio. Nikapiga mikono, pwa pwa, nikapiga na mulunzi: "Tazama hapa! Toka mu maji, simama sawa!"

Kando yote ya ziwa ikapaa. Ata kunguru waliondoka. Mwalimu Ngona akakaa chini ku muchanga, akafunika uso na kofia.

"Mama Kavira," akasema toka chini ya kofia, "nani alikufundisha kazi?"

"Mutu mwenye hakukata miguu!"

"Na alikuwa anapiga watu ao majeneza? Ndege haiko muteja. Hakulipi, hakujui, hakutaki."

Sasa munisikilize, hii itawasaidia. Usimwendee ndege mbele kwa mbele. Tembea upande upande, ukiangalia chini kama mutu mwenye aliangusha ufunguo. Akiacha kula akasimamisha shingo, weye simama. Akirudilia kula, tembea tena. Vaa rangi ya vumbi. Shuka, lala ku tumbo, apareyi ya foto ikae chini ku kimo ya macho yake, juu ukimupiga toka juu anakuwa kama jiwe. Funga apareyi mu sashe ya plastiki, toboa pa jicho tu. Muchanga ya Kasenyi ikiingia ku objektivu, ile jicho yake ya kioo, utaisikia inatafuna ndani. Na huyu wa kutikisa mukia hapumzike hata sekonde, basi ongeza mwendo ya apareyi, ao utapata ndege muzuri mwenye matako ya moshi. Nilipata wengi wa namna ile. Niliwaonyesha Mwalimu, akawaita jamaa yangu.

Samedi zikapita. Kila mara tunashuka, kila mara ndege wanakuwa mbali. Njo nikapata akili. Ndege anaogopa mutu, haogope nguo. Wavuvi wanaanikaka nguo zao palepale na ndege wanapita chini. Nikaenda na rido. Tukaisimamisha ku miti mbili ya wavuvi, nikajificha nyuma yake, nikakamata makasi na nikakata tundu ku mulango ya avio, objektivu itokee pale.

Mwalimu akaruka. "Unatoboa rido yangu!"

"Yako? Pasaka imesha fika?"

Nilikaa nyuma ya ile avio saa nzima, jasho inanishuka mpaka mu kiuno. Na kweli, ndege wakaanza kukaribia. Mumoja akakuja mita tatu. Nikasimamisha roho. Nikaweka kidole. Na hapo kitu kubwa ya rangi nyekundu ikafunika tundu yote.

Ilikuwa Mama Furaha.

Mama Furaha alikuwa mukubwa ya wamama wa makayabu pale Kasenyi, ile samaki ya chumvi. Mwanamuke ya mwili na ya sauti, kama ameita mutumbwi inageuka. Alikuwa amesimama mbele ya ngazi ya hoteli, mukono ku kiuno. "Wamama!" akalia. "Mukuje! Studio imeshuka!"

Wakakuja. Wengine na visu vya kupasulia samaki ingali mu mukono. Wakafanya ligne, mumoja nyuma ya mwingine. Nikatoka nyuma nikisema: "Mama, pole, hii ni kazi ya ndege." Akaniangalia juu mpaka chini. "Ndege wana kikwembe mupya?" Alikuwa na kikwembe mupya, libaya, ile blauzi ya mabega, na viatu vya kisigino vyenye alivaa palepale akitosha ndala. Nikamupiga na hasira, upesi upesi, lakini miguu ndani. Mukono ya Kasereka haisahau. Nikapiga wengine kumi na tano, jua ikapanda, ndege wakaenda zabo. Mwalimu Ngona alikuwa njo anapanga ligne.

Wakati tulikuwa tunapanda kurudi, akasema kidogo tu: "Imebaki wiki mbili." Samedi yenye ilifuata mvua ilikata barabara, kamio haikushuka.

Siku ya Mungu ya matawi, Mwalimu alikuja ku studio nyuma ya misa, na tawi yake mu mukono. Akakaa ku kiti ya wateja. Nikangojea aanze: mukia, mabawa, baridi ya kwabo. Akasema maharagi imepanda bei. Nikasema ndiyo. Akasema ya kule Marabo ni muzuri kuliko ya huku. Nikasema kweli. Akaangalia ukuta, lakini hakuangalia kalandrie. Nikamuuliza: "Mwalimu, na ndege?" Akacheka kidogo. "Ninajizoeza, Mama Kavira. Pasaka iko karibu."

Maharagi! Mwalimu Ngona anasema habari ya maharagi! Nilimutania miezi na miezi anyamaze, na siku alinyamaza, studio ikawa baridi kama nyumba ya matanga. Sikupenda ile. Lakini rido ilikuwa yangu, na nilikuwa ninashinda.

Kesho yake Mama Furaha akapiga simu. Nilikuwa nimemutumia foto yake ku telefone. "Kavira! Foto ni muzuri, mwili iko, viatu iko. Lakini ku kisigino yangu kuko kitu kama panya. Tosha hiyo. Watu wangu wa Uganda watasema ninauzaka samaki na panya."

Kutosha kitu ku foto, kukifuta, hiyo ni kazi ya dakika mbili. Nimesha tosha makovu, nimetosha chunusi, siku moja nilitosha bwana muzima. Nikafungua foto ku ordinatere, ile komputa, nikaivuta karibu, karibu zaidi, pale ku kiatu. Haikuwa panya. Ilikuwa kandege kangu. Mama Furaha alinuka samaki, nzi walimufuata, na ndege alifuata nzi. Alikuwa amesimama mbele ya kisigino yake, muchanga mukavu chini yake, miguu yote mbili wazi mpaka ku makucha. Na ku muguu ya kuume kuko pete yenye kibendera kidogo cha njano, na herufi juu yake.

Ee Mungu wangu.

Sitawadanganya, watoto. Nilikaa pale na kidole juu ya mashini. Kugusa mara moja, kandege kanaisha, Mama Furaha anafurahi, rido inabaki kwangu, na hakuna mutu chini ya mbingu atajua. Si muteja mwenyewe ameomba? Nilitaka kushinda. Nilitaka ile rido ya patron yangu kuliko nilitaka kweli, njo mambo ilikuwa vile. Nikasimama, nikaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo. Nikatwanga mpaka ikakuwa maji. Na kila kutwanga, sikio yangu inasikia: maharagi, maharagi, maharagi.

Nikaacha sombe mu kinu. Nikapanda moto, pikipiki ya kwanza yenye ilipita, nikaenda kule Mwalimu alikuwa anaishi, mu chumba ya kukopeshwa, na foto mu bahasha. Alikuwa anafua shati. Nikamupa.

Akatosha foto, akaona Mama Furaha, akashangaa. Nikaweka kidole ku kisigino. Akasogeza foto ku jua. Akaisogeza tena. Sabuni ilikuwa inamushuka ku mikono, inaanguka ku kikwembe yangu, na mimi nikaiacha.

"Amevaa pete," akasema.

"Ndiyo."

"Amevaa pete, Mama Kavira. Sikuwa muongo."

"Haukukuwa muongo," nikasema. "Mimi njo nilikuwa mujinga." Na nikalia, mimi mwenye kinywa kubwa, pale mbele ya karai ya mutu.

Herufi mbili zilisomeka muzuri, ya tatu tulibishana mpaka giza ikaingia. Tukaandikia wale wanavalisha ndege pete, tukaweka foto. Jibu ilitoka Finlande. Walisema yule ndege alivalishwa kule, angali kitoto, ku kando ya ziwa yabo. Wakaongeza: tunasalimu yule mama wa viatu. Mama Furaha alifasiriwa ile barua mara nne, na toka siku ile hataki tena mutu atoshe "ndege yangu" ku foto. Anaonyesha wateja wa samaki na kusema ya kwamba anajulikana Ulaya.

Rido nilipeleka mimi mwenyewe, siku ya Pasaka, nimeibeba ku kichwa kupita avenyu yote, na watu wanapiga vigelegele vya kunichokoza. Ilikuwa haki yabo. Mwalimu akaitundika mu chumba yake, avio na tundu yake, ikafunika ukuta mpaka chini. Pembeni, ku meza, kulikuwa kaye mupya. Alikuwa ameandika ukurasa moja.

Nikafungua apareyi. "Mwalimu, leo simama. Nikupige muzima."

Akaangalia chini. Kandambili zilikuwa zilezile, moja imeshonwa na waya. "Piga kichwa," akasema. "Hizi ni aibu."

"Ninaweza kukata. Useme tu."

Akafikiri vile anafikiriaka, pole pole, mpaka nilitaka kumumalizia. Akaangalia ile foto ya Mama Furaha, yenye alibandika karibu na mulango ya avio. "Huyu kandege anarudiaka kwabo kila mwaka," akasema. "Mimi bado. Lakini hii miguu njo ilinitosha Fataki, na watoto watatu ku mugongo kwa zamu. Usikate."

Nikapiga magoti ku udongo, nikashusha apareyi, nikarudi nyuma kidogo mpaka kandambili zote mbili zikaingia.